Kwa Nini Fundi Anaacha Mwanya?

Wapwa zangu, chini ya ardhi ya Kilwa limelala bomba. Ni bomba refu, refu kweli. Linatoka Mtwara, linaingia Lindi, linapita Kilwa, linafika Somanga, linavuka Rufiji, linakwenda hadi Dar es Salaam. Urefu wake ni kilomita 477. Ndani yake hamna maji, wala hamna mafuta. Mna gesi asilia, ile inayozungusha mitambo ya umeme.

“Mjomba, mimi nimepita Somanga na basi. Mbona sikuliona?”

Swali zuri hilo! Kuuliza si ujinga, na leo nitawajibu mpaka mchoke wenyewe. Hukuliona kwa sababu limefukiwa. Wewe ulikuwa dirishani unawatazama wauza samaki, nalo lilikuwa chini ya udongo linafanya kazi yake kimya.

Basi leo tuliulize lenyewe. Bomba, hebu waambie watoto wewe ni nani.

“Mimi ni bomba la chuma,” linasema. “Ukinipima mdomo, kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili, unapata inchi 36. Hizo ni sentimita 91 na kitu. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutambaa ndani yangu. Nilikamilika mwaka 2015. Lakini mimi si wa kwanza hapa, ninaye kaka. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, hapo hapo Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Miaka mingi ikapita. Kaka yangu akajengwa, na mwaka 2004 akaanza kuisafirisha. Anapita chini ya bahari kilomita 25, kutoka kisiwani hadi Somanga Funga. Kisha anashika nchi kavu kilomita 207, hadi Ubungo, Dar es Salaam.”

“Mjomba, bomba refu hivyo walilibeba na gari gani?”

Ahaa! Hakuna gari la kulibeba. Bomba, waambie.

“Sikuzaliwa na urefu huu. Nililetwa vipande vipande. Vikapangwa kwenye mstari, kimoja mbele ya kingine, katikati ya pori. Kisha mafundi wakaja na moto wao, wakaviunga.”

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kila kipande kina urefu wa mita 12. Kilomita 477 ni mita 477,000. Gawa kwa 12. Umepata ngapi? Umepata 39,750. Hongera! Kwa hiyo ni vipande karibu 40,000, na viungo karibu 40,000. Kimoja tu kikivuja, gesi inatoka. Kwa hiyo vyote lazima viwe vizima. Si vingi. Si karibu vyote. Vyote.

Ndiyo maana nataka mjue jinsi chuma kinavyoungwa. Watu wengi wanadhani kazi ya fundi ni moto na cheche tu. Siyo. Kazi kubwa inafanyika kabla moto haujawaka.

Sasa tuliache bomba lipumzike kidogo. Twende Nangurukuru, pale njia panda, barabara ya Lindi inapoachana na ya Kilwa Masoko. Tumtafute fundi wa kuchomelea vyuma, anayetengeneza mageti na madirisha. Tumsalimie kwa adabu. Shikamoo, fundi. Marahaba, wanangu. Tusimame mbali. Na tusiutazame moto wake, hata kidogo, hata kwa jicho moja. Mwanga ule unaunguza macho. Mchana utajiona mzima, usiku macho yatawasha na kutoa machozi hadi asubuhi. Fundi mwenyewe anavaa kioo cheusi usoni. Wewe huna. Basi tazama kabla hajawasha, na tazama baada ya kuzima.

“Mjomba, anaunganisha kwa gundi?”

Hapana, hakuna gundi. Fundi ana kijiti cha chuma kilichopakwa unga mgumu. Umeme unapita kwenye kijiti, unaruka hadi kwenye chuma, na pale unaporuka unazaa moto mkali sana. Maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Chuma cha geti kinayeyuka kwenye nyuzi karibu 1,500, na moto wa fundi unapita hapo kwa mbali. Ukingo wa chuma hiki unayeyuka. Ukingo wa chuma kile unayeyuka. Kijiti nacho kinayeyuka. Vyote vitatu vinachanganyika vikiwa uji mwekundu. Vikipoa vimekuwa kitu kimoja. Mstari unaobaki hapo tunauita mshono.

Sasa tazama mezani kwa fundi. Ameweka vipande viwili vya chuma kinene, ubavu kwa ubavu. Bado hajawasha moto. Unaona nini katikati?

“Mjomba, kuna mwanya! Havijagusana. Fundi amekosea kupima?”

Una macho makali, mwanangu. Mwanya upo. Na fundi hajakosea. Ameuacha kwa makusudi.

“Lakini anataka viungane. Kwa nini aviache mbali?”

Tuushike mwanya wenyewe tuuulize. Mwanya, wewe ni nani?

“Mimi ni Mwanya,” unasema kwa sauti nyembamba. “Sina uzito, sina rangi, wala dukani siuzwi. Fundi mgeni wa kazi ananidharau. Anavisogeza vyuma mpaka vinabanana, anasema: sasa vimekaa vizuri. Kisha anachomelea juu. Juu panapendeza, panang’aa. Lakini moto haukupata njia ya kushuka. Chini kabisa vyuma havikushikana. Mnaona mshono mzuri, na ndani yake kuna ufa umejificha. Mzigo ukija, ufa unafunguka.”

“Kumbe! Basi mwanya ukiwa mkubwa ni bora zaidi?”

“Hapana, mtoto mzuri. Nikiwa mpana mno, uji wa chuma unadondoka chini, chuma kinatoboka. Fundi inabidi ajaze, ajaze tena, ajaze tena. Kadiri anavyojaza ndivyo anavyoongeza moto. Na moto ukizidi, chuma kinapinda. Mimi nataka kiasi. Mara nyingi milimita 2 au 3 zinanitosha.”

Sikiliza tena kwa kifupi. Mwanya ukikosekana, mshono haufiki chini. Mwanya ukizidi, chuma kinatoboka na kupinda. Mwanya wa kiasi ndio mwanya wa fundi.

“Mjomba, milimita 2 ni ndogo sana. Fundi anaipimaje?”

Hapa sogea uone, maana bado moto haujawashwa. Fundi anachukua kijiti cha kuchomelea ambacho unene wa waya wake ni milimita 2.5. Anakigonga taratibu kwa nyundo. Ule unga mgumu unapukutika. Unabaki waya mtupu, mweupe. Anaukunja katikati mpaka unakuwa herufi V. Anaupachika katikati ya vyuma viwili, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule. Anavisogeza vyuma mpaka vinaugusa waya pande zote. Basi! Mwanya ni milimita 2.5 mwanzo hadi mwisho. Hakubahatisha, hakukadiria kwa jicho. Amepima. Na waya wenyewe ulikuwa umetupwa chini ya meza.

Tazama pia kingo za chuma. Fundi amezikata kwa mshazari kwa kutumia grenda. Zikikutana zinafanya bonde. Juu pana, chini nyembamba. Moto unashuka kwenye bonde hadi kitakoni, unayeyusha kingo zote mbili, na mshono unaanzia chini kupanda juu.

Sasa ndipo penye siri ya leo. Mwanya umepimwa. Mwanya ni sawasawa. Je, utabaki hivyo hivyo fundi akianza kazi?

“Utabaki, Mjomba. Chuma ni kigumu, kitakwenda wapi?”

Hapo ndipo chuma kinapowadanganya wengi! Chuma kinatembea. Shuleni mmefundishwa, au mtafundishwa: kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa. Semeni pamoja nami. Kikipata moto hutanuka. Kikipoa husinyaa.

Mita moja ya chuma, ukiiongezea nyuzi joto 100, inarefuka milimita 1.2. Ni kidogo. Lakini pale kwenye moto wa fundi si nyuzi 100, ni zaidi ya 1,000. Kama mita nzima ingepata joto hilo, ingerefuka zaidi ya sentimita moja.

“Sawa, Mjomba. Kinatanuka, halafu kinasinyaa. Si kinarudi kilipokuwa?”

Swali hilo limewahi kuwashinda watu wazima! Aliyeuliza hivi atakuja kuwa fundi hodari. Jibu lake ni hili. Kama chuma chote kingepata moto kwa pamoja, kingetanuka chote, kingesinyaa chote, kingerudi kilipokuwa. Lakini fundi anapasha sehemu ndogo tu. Sehemu ile ya moto inataka kutanuka. Inasukuma huku, inasukuma kule. Pembeni kuna chuma baridi, kigumu, kinasema: mimi sisogei. Sehemu ya moto imekwisha kuwa laini, haina nguvu ya kushinda. Basi inajibana, inakuwa nene na fupi. Kisha inapoa. Ikipoa inasinyaa kuanzia pale ilipobanwa. Sasa imekuwa fupi kuliko mwanzo, nayo inavuta. Inavuta chuma baridi cha huku, inavuta cha kule. Na safari hii ina nguvu, maana imekwisha kuwa ngumu.

Je, mmewahi kumwona bibi akishona mkeka? Bila shaka mmemwona. Anasuka kwanza kili ndefu za ukindu. Kisha anaziweka ubavu kwa ubavu, anazishona. Akiwa na papara, akikaza uzi kupita kiasi, mkeka haulali chini. Unainuka pembeni. Unajikunja. Ukili haukuharibika, sakafu haina kosa. Uzi ndio uliovuta. Basi mshono wa chuma ni uzi uliokazwa. Tofauti ni moja tu: uzi wa bibi unakazwa na mkono wake, na mshono wa fundi unajikaza wenyewe unapopoa.

“Kwa hiyo chuma kinajikunja kama mkeka?”

Ndiyo. Na kinajikunja kwa njia kadhaa. Fundi akianzia ncha moja akaenda moja kwa moja, vipande vinavutwa kukaribiana, na mwanya uliopimwa kwa waya unafumba mbele yake kabla hajafika. Kwenye lile bonde, juu kuna chuma kingi kuliko chini. Kingi kinasinyaa zaidi. Basi juu kunavuta zaidi, na vipande vinanyanyua mabawa. Na kwenye pembe ya geti, fundi akichomelea upande wa ndani tu, pembe inavutwa ndani. Geti linalotakiwa kuwa mstatili linalala upande. Ukilipachika kwenye bawaba linakwaruza chini, na komeo haliingii tunduni.

Mmeona mageti ya namna hiyo? Mmeyaona. Mwenye nyumba anasema chuma kilikuwa kibovu. Chuma hakikuwa kibovu. Chuma kimefuata desturi yake. Kikipata moto hutanuka. Kikipoa husinyaa. Fundi ndiye aliyesahau.

“Mjomba, basi fundi akimwagie maji haraka, kisipate nafasi ya kujikunja!”

Ha! Wazo limetoka haraka, na nimelipenda kwa sababu umefikiri. Lakini hapana. Chuma chekundu ukikimwagia maji kinasinyaa kwa ghafla. Vyuma vingine vinakuwa vigumu kupita kiasi, vinakosa uvumilivu, vinapasuka kwenye mshono. Mshono tunauacha upoe wenyewe.

“Basi fundi afanye nini?”

Afanye mambo matano. Hesabuni kwa vidole.

Kidole cha kwanza: ashikize kwanza. Mnamjua fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona? Neno ni hilo hilo. Fundi wa chuma anaweka nukta ndogo za moto, moja hapa, moja pale, ili vipande vishikane mahali pake. Akishashikiza anapima tena. Kama kuna kilichohama, anakirudisha, maana nukta ndogo inakatika kwa urahisi. Mshono mzima haurudi nyuma.

Kidole cha pili: asikae mahali pamoja. Anachomelea kidogo upande huu, anahamia upande wa pili, anarudi. Mvuto wa huku unapambana na mvuto wa kule, na katikati panabaki pamenyooka. Geti lenye bati pana halishonwi mstari mrefu. Fundi anashona sentimita chache, anaruka, anashona sentimita chache, anaruka. Bila hivyo bati linapiga mawimbi.

Kidole cha tatu: atembee kwa kurudi nyuma. Mshono unakwenda kulia, lakini kila kipande cha mshono anakianzia mbele kidogo na kukirudisha nyuma hadi pale kipande kilichotangulia kilipoanzia. Hivyo joto halijilimbikizi mbele, na mwanya hauwahi kufumba.

Kidole cha nne: akipe chuma nafasi ya kuja. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Fundi anajua vipande vitanyanyua mabawa. Hagombani navyo. Kabla ya moto anavilaza vikiwa vimeinama kidogo kwa chini. Mshono unapoa, unavuta, na vipande vinapanda vyenyewe mpaka vinanyooka. Mtu asiyejua akipita kabla ya kazi atasema: fundi, umevipanga vibaya. Fundi anatabasamu tu.

Kidole cha tano: asichomelee kuliko inavyotakiwa. Mshono mnene haumaanishi mshono imara. Mshono mnene umepewa moto mwingi, na moto mwingi unavuta zaidi. Kiasi, wanangu. Daima kiasi.

“Mjomba, si ni rahisi zaidi akibane chuma kwa jiliwa, kisisogee kabisa?”

Mafundi wanabana, na ni vyema kubana. Lakini jueni kitu kimoja. Ukikibana chuma kisisogee, ile nguvu ya kuvuta haipotei. Inabaki ndani ya chuma, imetulia, inangoja. Ukikifungulia bado kinaweza kujikunja kidogo. Kwa hiyo jiliwa linasaidia fundi mwenye mpango. Halimwokoi fundi asiye na mpango.

Sasa turudi kwa bomba letu la Somanga. Limepumzika vya kutosha. Bomba, wewe ni duara. Huna upande wa kushoto wala wa kulia. Kwako mambo yalikuwaje?

“Kwangu ni hayo hayo, ila yamezunguka,” linasema. “Vipande viwili vinakutanishwa mdomo kwa mdomo. Kingo zimekatwa mshazari, na katikati pana mwanya. Mdomo ni mkubwa, kwa hiyo vipande vinashikiliwa na kibano cha duara ili visipishane. Ukishikiza juu, chini panahama. Ukishikiza chini, pembeni panahama. Kwa hiyo mtu anashikiza juu, anapima chini. Anashikiza chini, anapima kushoto. Anashikiza kushoto, anapima kulia. Kwa mabomba makubwa, mafundi huwa wawili. Mmoja anakaa upande huu, mwingine upande wa pili, wanachomelea kwa wakati mmoja. Mvuto wa huyu unakutana na mvuto wa yule. Angekuwa mmoja peke yake, akaanza upande mmoja na kuumaliza, ningepinda shingo.”

“Na mshono mmoja unatosha?”

“Hautoshi. Wa kwanza ni mshono wa chini, ule unaopita kwenye mwanya. Huo ndio mama wa yote. Ukiharibika, wa juu hauwezi kuuponya. Juu yake inapita mishono ya kujaza bonde. Mwisho kabisa unakuja mshono wa kufunika. Kila mshono ukipita, ganda lake linagongwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya, ili uchafu usizikwe ndani.”

“Mjomba, uliza bomba: jua la Kilwa halikulisumbua?”

Umesikia, bomba? Mtoto huyu ana akili! Jibu.

“Jua! Ee, jua linatusumbua sana sisi vyuma. Kipande cha mita 12 kikiachwa wazi tangu alfajiri, mchana kinaweza kuwa kimepanda nyuzi joto 20. Pigeni hesabu. Kinarefuka milimita 2.88, yaani karibu milimita 3. Na mwanya wenyewe ni milimita ngapi? Mbili au tatu! Kwa hiyo mwanya uliopimwa alfajiri si mwanya wa saa saba mchana. Fundi anayejua hapimi mara moja akaenda kula. Anapima tena dakika ile ile anayotaka kuwasha moto.”

Mmesikia, wanangu? Hata kabla ya moto wa fundi, moto wa jua umekwisha kufanya kazi. Kikipata moto hutanuka. Kikipoa husinyaa. Chuma hakiulizi moto umetoka wapi.

“Na walijuaje kwamba ndani hakuna ufa uliojificha? Bomba haliwezi kusema linaumwa.”

Ndiyo maana viungo vya mabomba ya gesi vinapigwa picha ya eksirei, sawa na ile ya hospitali mtu akivunjika mkono. Vingine vinapimwa kwa sauti kali ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti inaingia kwenye chuma, na ikikuta ufa inarudi. Kiungo kikionekana kina kasoro, kinakatwa au kinafukuliwa kasoro yake na kuungwa upya. Mshono unaong’aa nje hauaminiwi mpaka ndani pamechunguzwa. Kisha bomba linajazwa maji na kusukumwa kwa nguvu kubwa, kuona kama linastahimili, kabla halijapewa gesi.

Sasa nina neno la mwisho, na nalisema kwa moyo wote. Pwani yetu ya Kilwa na Lindi ina gesi, ina barabara, ina bandari za wavuvi, ina nyumba mpya zinazojengwa kila mwaka. Kote huko kuna chuma, na kwa chumvi ya bahari yetu chuma kisichoungwa vizuri kinaliwa na kutu upesi, maana maji ya chumvi yanaingia kwenye kila ufa. Tunahitaji mafundi wanaopima. Ufundi huu unafundishwa kwenye vyuo vya VETA, na wasichana wanausoma pamoja na wavulana. Anayependa hesabu za milimita, mahali pake ni hapo. Anayependa kuuliza “kwa nini,” mahali pake ni hapo zaidi.

Lakini huna haja ya kungoja ukue. Leo jioni fanya kazi ndogo. Chukua futi kamba, au hata kamba ya kawaida. Tafuta geti au dirisha la chuma la nyumbani, lisilo na moto wala umeme. Pima kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia. Andika. Kisha pima kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto. Andika. Vipimo viwili vikiwa sawa, geti limenyooka, na fundi wake aliheshimu desturi ya chuma. Vikitofautiana, huenda mshono ulivuta na fundi hakuuwahi. Usimcheke. Nenda kamuulize kwa adabu alianzia kuchomelea pembe ipi, na je, alishikiza na kupima kwanza.

Fundi mzuri hajulikani kwa wingi wa cheche. Anajulikana kwa kupima kabla ya kuwasha, na kupima tena baada ya kushikiza. Nanyi wapwa zangu, kaoneni, kapimeni, kaulizeni. Na macho yenu, tafadhali, yaepusheni na ule moto.